Santuri Chini ya Kitanda Chako

Zaina,

Salamu utazipata za kutosha kesho gatini, na machozi pia; shangazi zako wameshaanza kuyaandaa. Mimi sikuletei salamu. Nimekaa chumba cha mbele, ni saa tisa alasiri, na uani wanakusuka. Nasikia unavyolalamika kwamba Mama Mukubwa anavuta nywele, halafu nasikia unacheka. Nimefunga mlango nikawaambia kichwa kinaniuma.

Mambo ya chumvi na samaki, namna ya kumwamkia mama mkwe, kitenge gani uvae siku ya kufika, hayo utafundishwa na wenye kuyajua. Mimi nina neno moja tu. Unakwenda Léo, mji mkuu, kuishi katika nyumba ya Mama Asha, ukiwa mke wa mwanawe Musafiri. Mama Asha alikuchagua wewe kati ya mabinti wote wa mtaa wetu wa Kabondo kwa sababu ya jambo nililomfanyia marehemu mumewe Anzuruni, uliyemwita tonton kama mjomba wako, siku alipokufa. Jambo hilo sikulifanya. Nilifanya lingine, na wewe ndiye unayekwenda kuishi ndani yake.

Kesho gatini nitakwambia usifungue sanduku mpaka meli iwe imepita Yangambi. Ukisoma hapa, basi umenitii. Nimechagua Yangambi kwa sababu mpaka pale mtu anaweza kushuka, akatafuta lori, akarudi kwao. Baada ya hapo kuna maji tu. Soma polepole, huna pa kwenda.

Unajua kwamba nilikuwa mtunza santuri wa redio ya mji, lakini hujui nilianzaje. Kabla ya uhuru nilikuwa mfuta santuri. Mzungu aliyezitunza, mtu mnene mwenye kikohozi, alinipa kitambaa laini akanionyesha: unafuta kwa kuzunguka, kufuata mistari, hufuti kwa kukata. Miaka sita nilifuta muziki bila kuusikiliza, maana kusikiliza hakukuwa kazi yangu. Uhuru ulipokuja alifungasha asubuhi moja. Aliweka funguo mezani, akasema, "Bon, ni yako sasa," akatoka bila kunipa mkono. Nilikasirika wiki nzima. Baadaye niligundua kwamba alikuwa ameninyima kitu kikubwa kuliko mkono: kwenye kadi za santuri hakuandika dakika. Alizijua kwa kichwa, akaondoka na kichwa chake.

Mtunza santuri asiyejua dakika hana kazi. Mtangazaji anamwambia, nipe kitu cha kujaza nafasi mpaka taarifa ya habari, naye anatoa macho. Basi nilianza kuzipima zote, moja moja, kwa saa ya mkononi, na kuandika kwenye kadi. Hapo ndipo nilipokuta kazi moja ya piano peke yake, ya vipande vitatu. Cha kwanza kinakwenda kama mtu mwenye safari, cha pili polepole, cha tatu kinakimbia. Jina la mtunzi siliandiki hapa. Alikufa zamani na hana kosa lolote katika habari hii.

Kazi hiyo ilikuwa kwenye santuri mbili. Ya kwanza ilichukua dakika kumi na tisa na nusu. Ya pili ilichukua kumi na saba. Wimbo uleule, maandishi yaleyale. Kwa akili yangu ya wakati ule, wimbo ulikuwa na urefu wake, kama kitenge kilivyo na urefu wake. Ukikipima leo na kesho lazima kilingane, la sivyo muuzaji ni mwizi. Nikaona mwizi ni fundi. Sikumwuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wetu mpya, mbele ya watangazaji wote, nikasema gramafoni zimeharibika na fundi Anzuruni anaficha.

Tonton Anzuruni alikuwa mtu wa Kasongo, mwembamba, masikio yamechomoza, bisibisi daima kwenye mfuko wa shati. Alikata kipande kidogo cha karatasi ya sigara, akakilowesha kwa ulimi, akakibandika katikati ya santuri, kwenye lile duara la maandishi. Akaiwasha.

"Weye iko na saa," akaniambia. "Hesabu. Kila karatasi ikipita mbele yako, moja."

Nilihesabu dakika tatu. Mizunguko mia kamili. Akaweka ya pili, nikahesabu tena mbele ya watu walewale, jasho linanitoka. Mia kamili.

"Machine iko muzuri," akasema. "Alors, tofauti iko kwa mikono ya mutu. Huyu mutu moja, huyu mutu mwingine. Papa Zaina, weye ulitaka batu bote bapige sawasawa sawa baaskari?"

Watu walicheka, na yeye akacheka, na mimi nikabaki nimesimama na saa yangu. Ningekuwa mimi ndiye niliyesingiziwa ningemchukia mtu huyo mpaka kaburini. Yeye kesho yake alinisubiri. Saa za mchana, wakubwa wakishakwenda kulala nyumbani na redio imefungwa mpaka jioni, alinifuata akasema, "Kuja tusikie, mwalimu wa hesabu."

Ndivyo tulivyoanza. Miaka minne, mwanangu, karibu kila mchana, wanaume wawili kwenye chumba chenye joto, tukiweka santuri hii kipande cha pili, halafu ile kipande cha pili, halafu tukirudia. Ile ndefu ilipigwa na mzee. Ukisikiliza vizuri unamsikia anapumua, na mahali fulani anaguna kama mtu anayenyanyuka kitini. Ile fupi ilipigwa na mwanamke, picha yake iko kwenye jalada, mikono wazi mpaka mabegani, na sauti zake ni safi, kila moja imekaa peke yake. Katikati ya kipande cha pili kuna mahali ambapo muziki unapanda, unafika juu, na kabla ya sauti ya mwisho mzee yule anangoja. Anangoja mpaka unadhani sindano imenyanyuka. Nimepima: sekunde nne. Halafu anagusa sauti hiyo kidogo tu. Mwanamke hangoji hata nusu sekunde. Anafika, anaweka, anaendelea.

Mimi nilimpenda mzee. Anzuruni alimpenda mwanamke, na hakuna siku tuliyokubaliana.

"Huyu papa anangojesha batu kwa kiburi," alikuwa akisema. "Anajua tunamungoja. Huyu mama hana hila. Iko na kitu, anakupa."

"Kungoja ndiyo akili," nilikuwa nikimjibu. "Mtu asiyejua kungoja hajui kitu."

Nilisema hivyo mara nyingi, kwa sauti ya mtu mwenye elimu. Kumbuka maneno hayo utakapofika chini.

Kosa langu halikuanza siku ya risasi, lilianza na makofi. Mkurugenzi alipata wageni, akaniita, akanigeuza uso ukutani, akaweka moja ya zile santuri. Baada ya sauti tatu nilisema, huyu ni mzee. Akaweka nyingine. Huyu ni mwanamke. Wakapiga makofi. Baada ya hapo kila mgeni alionyeshwa mtu wa santuri. Waliniita Sikio. Nilianza kuvaa suruali nzuri siku za wageni. Anzuruni, ambaye aliweza kufanya yaleyale na zaidi, kwa sababu angekwambia pia sindano ina umri gani, alikaa pembeni akitengeneza waya. Nilipenda kusifiwa kuliko nilivyopenda ule muziki. Tofauti hiyo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuisikia kuliko zote.

Halafu waasi wakaingia mjini. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, unakumbuka vizuri majani vichwani mwao na jinsi mama yako alivyokupaka masizi usoni. Redio ilipewa kijana mmoja tuliyemwita Commandant tu. Kabla ya msitu alikuwa akifundisha watoto kusoma, na bado alikuwa na ile tabia ya kuuliza swali na kukutazama mpaka ujibu. Alitaka muziki wa heshima kabla ya taarifa yake ya saa sita mchana. Nilimwekea santuri kadhaa. Alichagua ya mzee, kipande cha pili.

Kwa wiki nyingi mji mzima ulisikia piano ile saa sita, na baada yake majina ya watu waliotakiwa kujisalimisha. Nadhani hakuna mtu Kisangani, hata asiyejua piano ni kitu gani, ambaye hakuijua ile sauti ya mzee. Watu waliacha sahani za wali zikapoa. Mimi niliona nini? Niliona kwamba vijana wale wanaishika santuri kwa vidole vyenye mafuta ya samaki. Niliona chupa ya bia imewekwa juu yake. Asubuhi moja nikakuta mchubuko karibu na mahali pale pa kungoja, na nikaumwa moyo. Watu walikuwa wanauawa kila siku, na moyo ukaniuma kwa ajili ya santuri. Nakuambia kama ilivyokuwa.

Nikaiba. Niliipitisha tumboni chini ya shati, nikaifunga kwa kitenge cha mama yako, nikaiweka chini ya kitanda chako. Utakumbuka nilikukataza kukaa ukingoni. Ulidhani kitanda ni kibovu. Nilichagua pale kwa sababu nilijua wakija kupekua watasitasita kidogo kwenye chumba cha msichana. Nilijua pia kwamba wasiposita, wewe ndiye watakayemkuta juu yake. Nilipima yote mawili, na bado nikaiweka.

Kesho yake Anzuruni alifungua jalada, akakuta ni tupu. Alinitazama. Alikuwa ananijua kama nilivyoijua ile santuri. Akachukua ya mwanamke, akaiweka kwenye jalada la mzee.

"Batu hawa habana masikio," akaninong'oneza. "Ni muziki moja. Nani atajua?"

Saa sita akaipiga. Haikupita nusu saa, ndege ikapita juu ya mji, chini sana, ikaenda zake. Unaikumbuka, mlilala wote sakafuni. Na kabla vumbi halijatua, mtu mmoja wa mjini, sijui nani na sitaki kujua, alikuja redioni akamwambia Commandant kwamba muziki wa leo haukuwa ule wa siku zote, umekimbia, na kwamba hiyo ilikuwa ishara ya kuita ndege.

Tulipangwa uani, watu saba. Commandant aliuliza kwa utaratibu, mmoja mmoja, kama darasani.

"Hii ya leo na ile ya jana, iko moja?"

Mtangazaji akasema ni moja. Mpishi wa chai akasema yeye hajui piano, lakini kwake ni moja. Makarani wakasema ni moja. Wote walikuwa wakisema kweli, hawakusikia tofauti. Anzuruni akasema, "Iko moja, chef." Yeye peke yake alidanganya, na alidanganya vizuri, bila kupepesa.

Kisha Commandant akafika kwangu. "Weye ndio ule banaita Sikio," akasema. "Sema."

Zaina, watu wamenisamehe kwa kosa ambalo sikulifanya. Wale wachache wanaojua, waliokuwa nami uani na kumficha Mama Asha, waliniambia, ulikuwa na woga, nani hakuwa na woga. Si kweli. Ningekuwa na woga ningesema ni moja, maana ndilo neno walilosema wote na hakuna aliyepigwa. Woga ungemwokoa Anzuruni. Lakini mimi nilipoulizwa niliona uso wa mtu anayeuliza na kungoja, nikaona watu wamenigeukia, na kabla sijajua nasema nini, mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Hapana," nilisema. "Si moja. Ya jana amepiga mzee, ya leo amepiga mwanamke. Kipande hiki peke yake kinapungua kwa dakika moja na robo."

Nilisema hata hilo la robo.

Commandant akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepata jibu. "Donc, nani alibadirisha?"

"Miye," akasema Anzuruni.

"Ile ingine iko wapi?"

Hapo alinitazama. Mpaka leo nikifumba macho naupima ule mtazamo, ni tabia yangu ya kazi. Haukuwa wa hasira. Alikuwa kama mtu anayemwona mwenzake amemwaga maji ya watoto.

"Ilivunjika," akasema. "Miye niliivunja kwa mikono yangu. Nikaogopa kusema. Vipande nilitupa mu mto."

Wakamchukua kuelekea upande wa mto Tshopo, wakimwambia akaonyeshe vipande. Kabla ya alasiri tulisikia mlio. Mmoja tu. Sisi sita tulibaki tumesimama uani, na Commandant akanipa sigara. Nikaivuta mpaka mwisho. Waswahili husema ulimi huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha jirani, na mwenye ulimi akapewa sigara.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Asha. Nilikusudia kumwambia. Nilimkuta ameshika kanzu ya mumewe ya Ijumaa, na Musafiri, wakati ule kijana wa miaka kumi na sita, amesimama nyuma yake. Akaniuliza, "Papa Zaina, weye ulikuwa pale. Ulisema nini?"

Nikamwambia, "Nilisema iko moja. Nilisema na kurudia. Hawakunisikia."

Akapiga magoti akanishika miguu. Alisema, "Weye peke yako ulisimama na yeye." Nikamwacha anishike.

Mama yako alijua siku hiyohiyo, kwa sababu ya kile kitenge chake. Hakunipigia kelele. Baada ya mwezi, tukiwa tunakula, akasema kitu kimoja, na hajakirudia: "Maisha yako yote ulisema kweli siku moja tu, na mutu akakufa." Kisha akaniongezea mchuzi.

Waasi walipofukuzwa, Mama Asha alihamia Léo kwa kaka yake. Kila mwaka ameniandikia kunishukuru, na mwaka jana akaniandikia kukuomba wewe. "Nataka damu ya nyumba ile iliyosimama na mume wangu," aliandika. Musafiri akaja Ramazani kututembelea, ukamwona. Masikio yamechomoza kama ya baba yake, lakini ni umbo tu. Nilimwekea redio nikagundua hatofautishi piano na kengele ya kanisa. Wewe hukujali. Nimeona unavyoficha barua zake ndani ya Korani ya bibi yako, ukidhani ni mahali ambapo mimi sifungui. Ulikuwa sahihi, sifungui. Nilikuona ukizitoa.

Ningeweza kukwambia wakati ule, ungekuwa na nafasi ya kukataa au kukubali kwa macho yako. Sikukwambia. Kukataa posa kungehitaji sababu, na sababu ninayo moja tu. Ijumaa iliyopita msikitini, mjomba wa Musafiri alikaa mbele yangu kwa niaba yake, shehe akaniuliza kama nakuoza. Swali na macho ya watu, tena. Nilijibu haraka kama siku ile. Umeshakuwa mke wa mtu, mwanangu, kwa mkono wangu, na nimengoja mpaka hilo liishe ndipo nikakaa kuandika. Husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetoka Kabondo, inapita kwa meli mpaka Léo, na nimekuweka wewe ndani yake na sanduku lako.

Sasa utaniuliza, kwa nini usinyamaze kabisa, Papa? Ungekufa nalo. Nilikusudia hivyo. Lakini mwezi uliopita Musafiri ameniandikia mimi mwenyewe, kwa heshima nyingi. Mama yake amemweleza kwamba baba yake alikuwa na santuri mbili alizozipenda, ile iliyovunjika na ile aliyoipiga siku ya mwisho. Amenunua gramafoni. Anaomba, kama hiyo ya mwisho ilisalimika, nimpelekee kwa mkono wako, amsikie baba yake.

Ya mwanamke ninayo. Niliichukua redioni siku wanajeshi wa serikali walipokuwa wakiingia kuwafukuza waasi, watu wakiiba viti na mazulia. Ya mzee ninayo pia, unajua sasa ilipolala. Haijavunjika. Haina hata ufa, ni ule mchubuko tu. Nilichimba shimo mara mbili niifukie na mara mbili nikairudisha ndani, kwa sababu bado naipenda, na sitakudanganya kwamba ni kwa sababu nyingine. Mara chache, mkiwa sokoni wewe na mama yako, nimeipiga. Mzee bado anangoja sekunde zake nne, na kila mara nasimama pale nasubiri kama nitajibu vingine.

Zote mbili nimezilaza kwenye sanduku lako, kati ya vitenge. Barua hii imo ndani ya jalada la mzee. Ukitoa ya mwanamke peke yake, Musafiri atafurahi, Mama Asha atalia kidogo, na utakuwa mkwe mpendwa wa nyumba ile mpaka uzeeni. Ukitoa na ya pili, nzima, hutahitaji kusema neno; Mama Asha ataitazama na atahesabu mwenyewe. Ukiitupa mtoni, itazama. Usinitafutie nia njema hapa. Nimechoka kulala juu ya kitu hiki, nakipeleka kwako, wewe uliyelala juu yake ukiwa mtoto bila kuulizwa.

Na usijidanganye kwamba utaweza kusema hukujua tofauti. Sikio langu unalo. Ulipokuwa na miaka kumi na saba redio ya Léo ilipiga nakala yao ya ile ya mwanamke, ukainua kichwa kwenye unga uliokuwa ukiuchekecha, ukasema, "Papa, hii si ile ya zamani." Nikakwambia, "Ni ileile." Ulinitazama, ukajua si kweli, ukaendelea kuchekecha. Neno ambalo lingemwokoa tonton Anzuruni nilikuja kulisema siku hiyo, nyumbani kwangu, kwa mtoto wangu, na halikumwokoa mtu.

Basi siku moja, ukiamua kuwapa zote, Musafiri ataziweka moja baada ya nyingine, na kwa masikio yake yale ya bure atakugeukia akuulize kama ni moja. Mama Asha atakuwa amekaa palepale, ameshika kikombe. Sikuambii useme nini. Nakuambia tu kwamba kuna nafasi kabla ya kujibu. Mimi nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote mjini hapa, niliisifu miaka minne, na sikuitumia.

Wamemaliza kukusuka. Nasikia unatafuta kioo. Sasa umefika mlangoni, unagonga: "Papa, kichwa kimepoa? Kuja uone."

Nakuja. Nitakutazama, nitasema umependeza, na utacheka. Ukisoma haya meli imepita Yangambi, ukumbuke uso wangu wa leo. Nilikuwa nimeshaandika yote, wino haujakauka, na nilitabasamu.

Baba yako